Kupanga Ada ya Malezi ya Mchana Nyumbani: Somo kwa Mlezi Anayeanza na Mzazi Anayelipa

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Katika miji yetu kazi hiyo ya kulea mwana sasa haifanywi na mama peke yake, wala bibi hayuko karibu kila mara kuisaidia. Mwajiriwa wa Tanzania Bara hupewa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 endapo amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo inavyoelekeza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo inapokwisha, mtoto bado hajakaza shingo vizuri. Mama lishe, muuza mboga na fundi cherehani hawana hata likizo hiyo: siku asiyotoka ni siku isiyo na kipato. Ndiyo maana kila mtaa una mwanamke anayeombwa na majirani zake, «Nishikie mtoto mpaka jioni.»

Ombi hilo linaporudiwa kila siku, huwa limekwisha kuwa kazi. Na kazi ina malipo. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mlezi anaona haya kutaja bei kwa jirani, na jirani anaona haya kuuliza. Matokeo yake bei hutajwa kwa kukisia, na kisio hilo huwagharimu watu watatu: mlezi, mzazi na mtoto.

Somo hili linamwelekeza mlezi anayeanza namna ya kufikia ada anayoweza kuitetea mbele ya mzazi yeyote. Linamwonyesha mzazi pia fedha yake inakwenda wapi, ili aweze kutofautisha ada ya haki na ada ya kubahatisha. Tarakimu za shilingi zilizomo ni za mfano tu. Kila msomaji aziondoe na kuweka za kwake, kwa kuwa bei ya mkaa ya Mbagala si ya Makambako, wala kodi ya chumba cha Sinza si ya Kigoma.

1. Kabla ya bei, usajili na idadi

Ada hujengwa juu ya idadi ya watoto, na idadi haipangwi kwa tamaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe. Mlezi anayeanza aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, aeleze anakusudia kulea watoto wangapi, wa umri gani na katika nyumba ya namna gani, kisha apate maelekezo ya masharti yanayomhusu. Afisa huyo ndiye atakayemwambia chumba chake kinatosha watoto wangapi na kama anahitaji msaidizi.

Hatua hii hutangulia hesabu kwa sababu moja. Mlezi akipanga ada kwa kudhani atachukua watoto wanane, kisha akaambiwa chumba ni cha watano, hesabu yake yote imeanguka. Tena si halali kumwambia mzazi kwamba kituo kimesajiliwa ilhali usajili bado. Maelezo ya uongo kwa mteja ni kosa, hata kama huduma yenyewe ni nzuri.

2. Aina mbili za gharama

Gharama za mlezi ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndicho chanzo cha ada nyingi zisizotosha.

Aina ya kwanza ni *gharama za kila mtoto*. Hizi huongezeka mtoto anapoingia na hupungua anapoondoka: uji wa unga wa lishe, chakula cha mchana, tunda, sabuni ya kufulia nguo zilizochafuka.

Aina ya pili ni *gharama za kudumu*. Hizi zipo awe mtoto mmoja au watano: kodi ya chumba, mkaa au gesi, maji, umeme wa LUKU, magodoro, vyandarua, poti, vikombe. Chungu cha maharage ya watoto watatu hula mkaa karibu sawa na chungu cha watoto watano.

Kuna gharama ya tatu inayosahauliwa kuliko zote, nayo ni *malipo ya mlezi mwenyewe*. Walezi wengi husema, «Kitakachobaki ndicho changu.» Maneno haya yasikike mwisho wa mwezi, yasiwe mwanzo wa hesabu. Anayepanga bei bila kujihesabu atajikuta ameajiriwa na majirani zake bila mshahara.

3. Mfano wa hesabu

Tuchukue mlezi wa mfano anayeishi katika vyumba viwili vya kupanga jijini Dar es Salaam. Ameruhusiwa kulea watoto watano. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani siku 22 kwa mwezi wa kawaida.

Gharama za kila mtoto kwa mwezi:

- Chakula, shilingi 1,200 kwa siku mara siku 22: shilingi 26,400
- Sabuni na vitu vidogo vya usafi: shilingi 3,600
- Jumla: shilingi 30,000

Gharama za kudumu kwa mwezi:

- Kodi ya chumba kimoja kati ya viwili: shilingi 50,000
- Mkaa au gesi: shilingi 30,000
- Maji na umeme: shilingi 25,000
- Vifaa: shilingi 12,500
- Simu, vibali, vifaa vya huduma ya kwanza na kodi ya Serikali: shilingi 12,500
- Jumla: shilingi 130,000

Msomaji aangalie mstari wa vifaa. Mlezi huyu alinunua magodoro, vyandarua na vyombo kwa shilingi 300,000. Anatarajia vidumu miaka miwili, yaani miezi 24. Shilingi 300,000 gawa kwa 24 ni shilingi 12,500 kwa mwezi. Asipoziweka kando, godoro litakapochanika hatakuwa na la kununulia jingine, na watoto watalala juu ya mkeka mtupu.

Sasa tuweke malipo ya mlezi. Amejiuliza angepata kiasi gani kwa kazi nyingine anayoiweza, akajipangia shilingi 250,000 kwa mwezi. Je, ni nyingi? Saa 12 kwa siku mara siku 22 ni saa 264. Hiyo ni takriban shilingi 950 kwa saa. Ikumbukwe kwamba sheria ya ajira imeweka kikomo cha saa za kawaida za mwajiriwa kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ilhali mlezi huyu anafanya kazi saa 60 kila wiki. Hajajipendelea.

4. Usigawanye kwa watoto watano

Gharama za kudumu pamoja na malipo ya mlezi ni shilingi 380,000. Mkono unakimbilia kugawanya kwa watoto watano. Usifanye hivyo. Kituo kipya hakijai mwezi wa kwanza, na hata kilichojaa hupoteza mtoto pale familia inapohama, bibi anapokuja kutoka kijijini au baba anapopoteza kibarua. Gawanya kwa idadi unayoweza kuitegemea, si kwa idadi unayoitamani. Kwa nafasi tano, tutagawanya kwa watoto wanne.

- Shilingi 380,000 gawa kwa 4: shilingi 95,000
- Ongeza gharama za kila mtoto: shilingi 30,000
- Ada ya lengo: shilingi 125,000 kwa mwezi

Watoto wakiwa wanne, mlezi hupata malipo yake kamili ya shilingi 250,000. Wakiwa watano, hubaki na shilingi 345,000. Zile 95,000 za juu si za sherehe. Ni akiba ya mwezi ambao watoto watakuwa watatu.

Sasa tutafute sakafu, yaani ada ambayo chini yake mlezi anatoa fedha mfukoni kulea watoto wa wenzake. Tunaondoa malipo ya mlezi na kubakiza gharama za kudumu tu.

- Shilingi 130,000 gawa kwa 4: shilingi 32,500
- Ongeza shilingi 30,000
- Sakafu: shilingi 62,500 kwa mwezi

Ada ya mlezi huyu itakaa mahali fulani kati ya shilingi 62,500 na 125,000. Penye sakafu hapati kitu. Penye lengo anapata anachostahili. Uamuzi wowote wa kupunguza bei ni uamuzi wa kupunguza malipo yake mwenyewe, naye aufanye akijua.

5. Bei ndogo inavyojaza chumba

Tuseme mlezi amesikia kwamba mtaa wa pili mtu analea kwa shilingi 60,000, naye akaamua kutoza hivyo hivyo ili asikose wateja. Kila mtoto akishalipiwa chakula na sabuni, hubakiza shilingi 30,000. Watoto watano hubakiza shilingi 150,000. Ondoa gharama za kudumu 130,000, mlezi anapata shilingi 20,000 kwa mwezi mzima. Hiyo haifiki shilingi 80 kwa saa.

Hakuna anayeweza kuishi hivyo, na mlezi hataishi hivyo. Atafanya moja kati ya mambo mawili, au yote pamoja. La kwanza ni kupunguza chakula: uji utakuwa mwepesi, dagaa watatoweka, tunda litakuwa la Ijumaa tu. La pili ni kuongeza watoto. Ili apate shilingi 200,000 kwa ada ya 60,000, anahitaji shilingi 330,000 zinazobaki baada ya chakula, yaani watoto 11. Watoto kumi na mmoja, chumba kimoja, mikono miwili. Mmoja akielekea kwenye jiko la mkaa au ndoo ya maji wakati mlezi anambadilisha mwingine nepi, hakuna wa kumwona.

Mzazi aliyefurahia ada hiyo hakudanganywa na mtu. Hesabu yenyewe ndiyo iliyomdanganya. Kwa hiyo mzazi akutanapo na bei iliyo chini sana kuliko za wengine, asiondoke mara moja wala asikubali mara moja. Aulize: unalea watoto wangapi, mko watu wazima wangapi, wanakula nini, wanalala wapi? Pengine mlezi anaishi kwenye nyumba yake na halipi kodi, na bei ndogo ni ya kweli. Pengine sivyo.

6. Bei kubwa inakowapeleka watoto

Upande wa pili nao una hatari yake. Mama anayebaki na shilingi 8,000 kwa siku baada ya kununua mtaji wa kesho, akifanya kazi siku 22, ana shilingi 176,000. Ada ya 125,000 itamwachia shilingi 51,000 za kula, kodi na nauli. Hataweza. Naye hataacha kazi. Atamwacha mtoto na dada yake wa miaka tisa, na dada huyo hatakwenda shule. Au atamlaza chini ya meza ya genge, kando ya barabara.

Mlezi hawezi kubeba umaskini wa mtaa mzima peke yake. Lakini anaweza kujua mtaa wake unaweza kulipa kiasi gani kabla ya kutangaza ada. Azungumze na wazazi watano au sita. Aulize wanafanya kazi gani, wanapokea fedha kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na sasa wanalipa nini.

Na wazazi nao wakumbuke jambo moja. Ada ya malezi haitoki kwenye kipato cha mama peke yake. Mtoto ni wa baba na mama, na kazi zote mbili zinawezekana kwa sababu mtoto ana pa kukaa. Hesabu ya «mshahara wa mama ukitoa ada, hakuna kinachobaki» ina kosa tangu mwanzo, kwa kuwa imemsahau baba.

7. Kupunguza ada bila kupunguza malezi

Ikiwa lengo la shilingi 125,000 haliwezekani mtaani, mlezi atafute nafuu mahali pasipomdhuru mtoto.

*Saa.* Mzazi anayemaliza kazi saa nane mchana hana sababu ya kulipia mpaka saa kumi na mbili jioni. Weka ada ya siku nzima na ada ya nusu siku. Lakini ada ya nusu siku isiwe nusu kamili ya ada, kwa sababu mtoto wa nusu siku amechukua nafasi nzima ya asubuhi na amekula uji.

*Manunuzi.* Walezi wawili au watatu wakinunua gunia la mahindi na maharage kwa pamoja, hupata bei ya jumla. Kununua pamoja kunaruhusiwa. Kukubaliana bei ya kuwatoza wazazi hakuruhusiwi: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei. Kila mlezi apange ada yake kwa hesabu yake.

*Chakula kutoka nyumbani.* Mzazi akileta chakula, gharama ya shilingi 26,400 huondoka au hupungua. Njia hii ina kasoro yake: mtoto mmoja atafungua chombo chenye nyama, jirani yake chenye wali mkavu. Wengi huona afadhali chungu kimoja kwa wote.

*Kusogea mwenyewe.* Mlezi wa mfano wetu, baada ya kuwasikia wazazi, ameamua kutoza shilingi 100,000. Watoto wanne watampa shilingi 150,000 za kwake. Watano, shilingi 220,000. Ni chini ya lengo, lakini ni juu ya sakafu kwa mbali. Amejipa miezi sita kupitia upya daftari lake.

Visivyopunguzwa ni idadi ya mikono kwa watoto, maji safi, sabuni na chandarua.

8. Mtoto mchanga

Mtoto wa chini ya miaka miwili hubebwa, hubadilishwa, hulishwa kwa subira na hulala kwa saa zake mwenyewe. Ni haki ada yake kuwa juu ya ya mtoto wa miaka minne, ikiwa sababu inaelezwa: mikono anayoihitaji ni mingi zaidi. Mlezi wa mfano wetu anatoza shilingi 120,000 kwa mchanga na hapokei wachanga zaidi ya wawili kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hapaswi kupewa uji wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Mlezi asimtoze mzazi huyo fedha ya chakula kisichopikwa. Badala yake wapatane mahali pa kuhifadhi maziwa yaliyokamuliwa na namna ya kumnywesha kwa kikombe kisafi. Mama mwajiriwa ajue pia kwamba sheria ya ajira inamruhusu muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kwa mama huyo, mlezi aliye karibu na kazini anaweza kuwa na thamani kuliko mlezi wa bei nafuu aliye karibu na nyumbani.

9. Kwa mwezi, kwa wiki au kwa siku

Mwalimu hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Muuza samaki hupokea kila jioni. Ada moja inaweza kugawanywa kwa namna tatu:

- Kwa mwezi: shilingi 100,000, hulipwa mwanzoni mwa mwezi
- Kwa wiki: shilingi 23,000, hulipwa Jumatatu
- Kwa siku: shilingi 5,000, hulipwa asubuhi

Anayelipa kwa siku, akileta mtoto siku zote 22, atalipa shilingi 110,000. Nyongeza hiyo ndogo ina sababu: mlezi hana hakika kama mtoto atakuja kesho, na akija siku 15 tu mlezi atapata shilingi 75,000 ilhali nafasi imeshikwa mwezi mzima. Lakini anayelipa kwa siku mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Mlezi asimwongezee mzigo kupita kiasi. Amshawishi ahamie malipo ya wiki, ambayo hayatofautiani sana na ya mwezi.

Malipo yakifanywa kwa simu, iandikwe nani analipa fedha ya kutolea. Makato ya kila wiki yakikusanyika mwaka mzima, si madogo.

10. Siku ambazo mtoto hayupo

Ugomvi mwingi hauletwi na ada, huletwa na siku zisizo za kawaida. Ziamuliwe mapema.

*Sikukuu.* Mwaka wetu una sikukuu nyingi za kitaifa na za dini, tangu Mapinduzi 12 Januari na Muungano 26 Aprili mpaka Sabasaba, Nane Nane, Nyerere 14 Oktoba na Uhuru 9 Desemba, bila kusahau Idi, Maulidi, Pasaka na Krismasi. Mlezi aandike tangu mwanzo ni zipi atafunga, na kwamba ada ya mwezi haipungui kwa sababu yake. Muuza soko afanyaye kazi sikukuu ajue mapema ili atafute njia nyingine.

*Mtoto akiugua.* Mtoto mwenye homa au anayeharisha asipokelewe, kwa kuwa ataambukiza wenzake. Lakini fikiria mzazi anayejua kwamba akimbakiza mtoto nyumbani anapoteza kipato cha siku na ada pia. Atampa dawa ya kushusha homa alfajiri, atamleta, na hatasema. Masharti makali kupita kiasi huzaa siri. Mlezi wa mfano wetu hurudisha shilingi 1,200 za chakula kwa kila siku ya ugonjwa na kubakiza zilizosalia. Fedha ni ndogo, lakini inamfanya mzazi aseme kweli.

*Mlezi akiugua.* Hapa mlezi hajatoa huduma, hivyo arudishe ada ya siku hizo au azihesabu mwezi unaofuata. Asimlete mtu asiyejulikana na wazazi kushika nafasi yake.

*Kuchelewa.* Foleni ipo na masika yapo. Mpe mzazi robo saa bila malipo, kisha toza kiasi kinachojulikana, kwa mfano shilingi 1,000 kwa kila nusu saa. Ikiwa ni dharura na amepiga simu, busara itangulie. Ikiwa ni kila siku, saa za mapatano zibadilishwe.

*Ndugu wawili.* Unaweza kumpunguzia mtoto wa pili wa familia moja, lakini punguzo litoke kwenye malipo yako, lisiguse zile shilingi 30,000 anazozila na kuzifulia.

*Kuondoka.* Pande zote mbili zitoe taarifa ya wiki mbili. Mzazi aliyetoa taarifa hiyo arudishiwe fedha ya siku zilizobaki.

11. Mapatano na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kwa mapatano, nayo iseme: jina na umri wa mtoto, saa za kuleta na kuchukua, nani anaruhusiwa kumchukua, ada na siku ya kulipa, kilichomo ndani ya ada na kisichokuwamo, siku za kufunga, ugonjwa, kuchelewa, na taarifa ya kuondoka. Kila upande ubaki na nakala.

Mlezi atoe stakabadhi kwa kila malipo, hata ya shilingi 5,000. Awe na daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana: zilizoingia na zilizotoka. Daftari hilo ndilo litakalomsaidia mbele ya Mamlaka ya Mapato anapokadiriwa kodi, na ndilo litakalomwambia kama ada inatosha. Akitaka kuipandisha, atoe taarifa ya mwezi mmoja na aonyeshe sababu: bei ya unga ilikuwa kiasi hiki, sasa ni kiasi hiki.

Na jirani akisema, «Nipunguzie basi, sisi ni wa hapa hapa,» mlezi asijibu kwa hasira wala kwa haya. Aseme: «Jirani, katika ada hii elfu thelathini anakula na kufuliwa mwanao mwenyewe, nyingine ni kodi, mkaa na maji. Kinachobaki ndicho changu. Nikipunguza zaidi itanibidi niongeze watoto, na wewe hutapenda.» Mzazi muungwana ataelewa.

Zoezi

1. Andika gharama zako za kila mtoto kwa siku moja, kisha zidisha kwa siku 22.
2. Andika gharama zako za kudumu kwa mwezi. Gawanya bei ya vifaa kwa miezi unayotarajia vidumu.
3. Andika malipo unayoyataka. Yagawanye kwa saa utakazofanya kazi, uone kama unaridhika nayo.
4. Tafuta ada ya lengo na sakafu yako, ukigawanya kwa idadi ya watoto iliyo pungufu ya nafasi zako kwa mtoto mmoja.
5. Zungumza na wazazi watano, kisha chagua ada kati ya namba hizo mbili. Andika sababu ya kuichagua.

Kwa mzazi: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Kituo kimesajiliwa? Naweza kuona cheti?
- Mnalea watoto wangapi kwa jumla, na watu wazima ni wangapi?
- Ada hii ina chakula ndani yake? Leo wamekula nini?
- Mwanangu akiugua, au wewe ukiugua, fedha inakuwaje?
- Nitapata stakabadhi na nakala ya mapatano?

Mlezi anayeyajibu maswali haya bila kusita amekwisha kufanya hesabu yake. Asiyeweza kuyajibu apewe kijitabu hiki, aketi na kalamu, kisha mzazi arudi kesho.